Ndugu wa Karibu wa Mgomba: Mwani wa Kijani na Chimbuko la Mimea ya Nchi Kavu

Mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Kisii au Nyamira hufundishwa kwamba spirogaira si mmea. Katika mgawanyo wa himaya tano unaofuatwa na mtaala wa 8-4-4, nyuzi hizo za kijani zimewekwa kwenye Protoktista pamoja na amiba na yuglena, ilhali himaya ya mimea inaanzia kwa kigoga, ule mmea mfupi wa kijani unaoota kwenye mawe na kuta zenye unyevu. Mwaka unaofuata, akiwa kidato cha nne, mwanafunzi huyo huyo anafika kwenye mada ya mageuko na kusikia kwamba mimea yote ya nchi kavu ilitokana na mwani wa kijani. Akiingia kwenye intaneti anasoma kwamba ndugu wa karibu zaidi wa mimea ni kina spirogaira wale wale walioondolewa kwenye himaya ya mimea. Kanisani anasikia kwamba mimea iliumbwa siku ya tatu. Na nyumbani, bwawa la samaki likigeuka kijani, au Ziwa Victoria likitanda kijani upande wa Kisumu, kila kitu kinaitwa mwani.

Anayechanganyikiwa katika hali hiyo hana kosa. Maswali kadhaa yamefungwa pamoja, na kila moja lina jibu lake na kiwango chake cha uhakika. Kipi ni mwani na kipi si mwani? Ni mwani upi ulio karibu zaidi na mimea? Mababu wa mimea walitoka majini moja kwa moja, au walikuwa wameshazoea nchi kavu kabla hawajawa mimea? Lini? Na mwalimu aseme nini? Maswali hayo yakitenganishwa, mengi yanajibika vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kijani cha majini si cha ukoo mmoja

Nyanda za juu za Gusii hazina uhaba wa maji. Sehemu kubwa ya kaunti za Kisii na Nyamira hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mito ya Gucha na Sondu huyapeleka maji hayo Ziwa Victoria. Tangu mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, uliochimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za Kenya, Kisii ikiwemo, wakulima wengi wamelazimika kuyajua maji ya kijani kwa karibu. Maofisa wa uvuvi huwafundisha kipimo cha mkono. Unauzamisha mkono polepole ukiutazama. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, rutuba inatosha na perege watapata chakula. Kikipotea mapema mno, kijani kimezidi, na samaki wanaweza kukosa oksijeni alfajiri.

Kijani hicho kinachopimwa kwa kiwiko ni mchanganyiko. Humo mna mwani wa kijani wa seli moja moja au chache, kama klorela na senedesmasi, na mara nyingi mna pia sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Zile nyuzi ndefu zinazoelea kando ya bwawa, zinazoteleza ukizishika na kunasa kwenye wavu, ndizo spirogaira na jamaa zake. Kijani kinachotanda kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria wakati wa joto, kwa sehemu kubwa, ni sayanobakteria, na baadhi yao hutoa sumu. Hao si mwani kwa maana ya ukoo: seli yao haina kiini. Gugu maji, lililoenea katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ni mmea kamili wenye maua. Mababu zake waliishi nchi kavu, wakarudi majini. Na mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Unguja, ni wa tawi jekundu.

Hata hivyo kuna uzi mmoja unaoviunganisha viumbe hivi vyote. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli yenye kiini ilimeza sayanobakteria na haikumyeyusha. Bakteria huyo akabaki ndani, akarithishwa kizazi hadi kizazi, akawa kloroplasti. Mrusi Konstantin Mereschkowsky alitoa wazo hilo mwaka 1905 na likapuuzwa. Lynn Margulis alilifufua mwaka 1967, na uchunguzi wa jeni ukaja kulithibitisha, kwa sababu kloroplasti ina jeni zake yenyewe na zinafanana na za sayanobakteria. Kutokana na muungano huo ulitokea mwani mwekundu na mwani wa kijani. Jani la mchai pale Nyansiongo linafanya kazi kwa kizazi cha bakteria yule.

Matawi mawili ya kijani

Mwani wa kijani uligawanyika mapema kuwa matawi makuu mawili. La kwanza ni klorofita, lenye aina nyingi sana: klorela ya bwawani, mwani wa kijani wa pwani unaofanana na majani ya saladi, na hata mwani uliohamia kwenye magome ya miti na majani. Kundi moja la klorofita hao husababisha ugonjwa unaoitwa kutu nyekundu katika nchi nyingi zinazolima chai. Rangi ya kutu inatokana na karotini inayoficha klorofili, lakini mwenye kosa ni mwani wa kijani. La pili ni streptofita. Mwani wake ni wa aina chache kuliko klorofita, na karibu wote huishi kwenye maji baridi au udongo wenye unyevu, hauishi baharini. Mimea yote ya nchi kavu, kuanzia kigoga hadi mgomba, imo ndani ya tawi hili la pili.

Mgawanyiko huo ni wa kale. Mwaka 2020 watafiti walieleza mabaki ya mwani wa kijani wenye seli nyingi, unaoitwa Proterocladus, kutoka kaskazini mwa China, wenye umri wa takriban miaka bilioni moja. Ukiutazama umbo lake unaonekana kuwa wa klorofita, hivyo kufikia wakati huo matawi mawili yalikuwa yameshaachana.

Hapa ndipo kosa la kawaida linapoanzia. Watu husikia "mimea ilitokana na mwani" wakaelewa kwamba spirogaira wa leo ni babu wa mgomba. Sivyo. Mtu wa ukoo wa Kitutu hamwiti mtu wa ukoo wa Nyaribari babu yake. Wote wawili humtaja babu mmoja, Mogusi, na kila mmoja ameishi maisha yake tangu hapo. Spirogaira na mgomba ni ndugu kwa namna hiyo. Babu yao wa pamoja alishatoweka, na tunachoweza kufanya ni kukisia alivyokuwa kwa kuwalinganisha wazao.

Nani jirani wa karibu?

Kwa zaidi ya miaka thelathini mjadala ulikuwa na wagombea watatu.

Wa kwanza ni kara, mwani wa maji matulivu yenye chokaa. Mwili wake una shina na matawi yaliyopangwa kwa mzunguko, kiasi kwamba asiyejua huuita mmea. Yai lake hukaa ndani ya kifuko kilichozungushiwa seli za ulinzi, na mbegu yake ya kiume huogelea kwa mikia miwili kama ya kigoga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na Kenneth Karol na wenzake, uliolinganisha jeni nne, uliuweka kara kuwa ndugu wa karibu kabisa wa mimea. Kwa miaka kadhaa hilo likawa jibu la vitabuni, na nguvu yake ilikuwa dhahiri: umbo na jeni vilielekea upande mmoja, na hadithi iliyotokana nayo ilikuwa rahisi kuisimulia, mwani wenye mwili tata ukawa mmea wenye mwili tata zaidi. Udhaifu wake ulikuwa jeni nne tu. Matawi yaliyoachana kwa muda mfupi, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, yameacha alama chache mno, na jeni nne haziwezi kutofautisha alama hizo na bahati.

Wa pili ni koleokete, kisahani kidogo cha seli kinachoambatana na mawe na mashina chini ya maji. Linda Graham wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba yai lake likirutubishwa hubaki mwilini mwa mama na kufunikwa kwa seli zinazoelekea kulilisha. Kulisha mtoto ndani ya mama ndiyo sifa inayoitambulisha mimea ya nchi kavu, hivyo koleokete alionekana kutoa mfano wa hatua ya kwanza.

Wa tatu ni kundi la zignema, ambamo spirogaira yumo. Kwa sura, huyu ndiye mgombea dhaifu kuliko wote. Wengine ni seli moja tu, wengine ni uzi wa seli usio na tawi. Hawana mkia wa kuogelea katika hatua yoyote ya maisha; nyuzi mbili husogeleana, zikaunganishwa na mirija, na yaliyomo kwenye seli moja yakahamia nyingine. Hawana shina wala yai lililolindwa. Kumbe data zilipoongezeka, zilielekea kwao. Mwaka 2014 Norman Wickett na wenzake walilinganisha mamia ya jeni, na mwaka 2019 mradi mkubwa wa kimataifa ukachapisha ulinganisho wa jeni za spishi 1,124 za mimea na mwani. Kote kundi la zignema likatoka kuwa ndugu wa karibu wa mimea, huku kara na koleokete wakibaki nje kidogo.

Matokeo hayo yana bei yake. Ukiyakubali, huna budi kukubali pia kwamba ukoo wa spirogaira ulipoteza mengi: ulipoteza mkia, ulipoteza matawi, huenda ulipoteza na mwili mkubwa zaidi. Wapinzani wana haki ya kuuliza kwa nini tuamini upotevu mwingi kiasi hicho. Jibu lenye nguvu limo ndani ya jenomu zenyewe. Jenomu ya kara ilipochapishwa mwaka 2018, na za zignema wawili wanaoishi sehemu zenye unyevu nje ya maji mwaka 2019, ilionekana kwamba zignema wana jeni kadhaa ambazo mimea inazo na kara hana. Miongoni mwake ni familia za jeni zinazohusika na kuvumilia ukame, na kuna dalili kwamba zilitoka kwa bakteria wa udongoni. Umbo linaweza kurahisishwa likadanganya jicho. Ni vigumu zaidi seti nzima ya jeni kujitokeza mara mbili kwa namna ile ile, na kwa sababu hiyo naona hoja ya zignema ndiyo iliyosimama imara zaidi leo.

Walihama, au walikuwepo tayari?

Picha iliyozoeleka ni ya mwani ulioishi ziwani, maji yakapungua, ukalazimika kujifunza ukame. Bwawa la msimu linalokauka kila mwaka lingekuwa shule nzuri ya uvumilivu, na mwani mwingi wa maji baridi huunda spora ngumu zinazolala hadi mvua irudi. Nguvu ya maelezo hayo ni kwamba yanaeleza kwa nini mimea ilitokana na wakazi wa maji baridi na si wa bahari: bahari haikauki, mabwawa hukauka. Chumvi pia ina sehemu yake, kwani mwani uliozoea maji ya mvua hauhitaji mazoea mapya ukikutana na umande.

Upande wa pili unasema hatua hiyo ilishapita kabla ya mmea wa kwanza. Ledyard Stebbins na Gerald Hill waliuliza mwaka 1980 kama kweli mimea yenye seli nyingi ndiyo iliyoivamia nchi kavu, na wakapendekeza kwamba waliotangulia kukaa kwenye udongo wenye unyevu walikuwa mwani mdogo sana. Mwaka 2016 Jesper Harholt na wenzake walilirudisha wazo hilo kwa nguvu mpya: ukuta wa seli wa mwani wa streptofita, walisema, unaeleweka vizuri zaidi ukiuchukulia kuwa ulijengwa na kiumbe kilichokaa hewani. Ushahidi mwingine unatoka kwa klebsomidiamu, mwani wa streptofita unaokaa kwenye udongo na kuta. Jenomu yake iliyochapishwa mwaka 2014 ilikuwa na jeni nyingi zilizodhaniwa kuwa mali ya mimea peke yake, zikiwemo zinazohusiana na homoni. Na kama kweli jeni za ukame zilitoka kwa bakteria wa udongoni, mpokeaji alikuwa pale pale udongoni.

Pamoja na hayo, pana mahali pa tahadhari. Kuwa na kifaa si sawa na kukitumia kwa kazi ya leo. Zignema wana aina ya kipokezi ambacho kwenye mimea hupokea homoni ya ukame, lakini majaribio yalionyesha kwamba kipokezi chao hufanya kazi bila kuitegemea homoni hiyo. Sehemu zilikuwepo, mpangilio wa kuziendesha ukaja baadaye, mimea ilipokuwa mimea. Tena kara na koleokete ni wakazi wa majini, hivyo anayedai ukoo mzima ulikuwa wa nchi kavu lazima aeleze kwa nini hao walirudi. Inawezekana walirudi, kama gugu maji lilivyorudi, lakini kuwezekana peke yake si ushahidi.

Mazingira ya Gusii yenyewe yanaonyesha kwamba mpaka kati ya maji na nchi kavu si mstari. Tazama ukuta wa saruji wa chemchemi iliyojengewa, pale maji yanapochuruzika. Karibu na bomba kuna utando laini unaoteleza. Hatua moja juu, ambapo ukuta hulowa na kukauka, kuna tabaka jembamba la kijani. Juu zaidi kuna kigoga. Na kwenye ufa wenye kivuli kuna kangaga. Nafasi hizo zote zinatenganishwa na sentimita chache. Mwani wenye seli moja ungeweza kuvuka mpaka huo mara elfu bila kuufahamu, na makundi kadhaa ya mwani yameuvuka kweli, wakiwemo wale klorofita wa kutu nyekundu. Kwa hiyo kukaa nchi kavu si tukio la pekee. Tukio la pekee ni kwamba ukoo mmoja tu kati ya zile zilizouvuka mpaka huo ulijenga mwili mkubwa unaosimama hewani.

Faida na gharama ya hewa

Kwa nini kuhangaika na hewa? Faida mbili ni kubwa. Mwanga ni mkali zaidi, haupunguzwi na maji wala matope. Na kaboni dioksidi husambaa hewani kwa kasi inayozidi ya majini mara elfu kumi hivi. Kiumbe kinachojenga mwili wake kwa kaboni hukuta ghala limefunguliwa.

Gharama nazo ni nyingi, na kila suluhisho lilizaa tatizo jipya. Mionzi ya jua inayoharibu jeni huchujwa na maji. Hewani ililazimu kutengeneza kemikali za kinga. Ili kuzuia kukauka, mimea ilijipaka nta. Lakini nta inayozuia maji kutoka huzuia pia kaboni dioksidi kuingia, hivyo ikabidi kutoboa vitundu vinavyofunguka na kufungika. Vitundu hivyo vikifunguliwa, maji hutoka. Mahindi yanayonyauka saa sita mchana wakati wa kiangazi yanalipa gharama hiyo, na mkulima analipa pamoja nayo. Kupandisha maji kutoka ardhini kulihitaji mirija. Kusimama kulihitaji kuta ngumu za lignini.

Kigoga hakikulipa gharama zote hizo. Kimebaki kifupi, hakina mirija imara, na kikikauka hujikunja na kusubiri, kisha kikafufuka mvua inaponyesha. Mbegu yake ya kiume bado inaogelea, hivyo inahitaji utando wa maji ili ilifikie yai. Kangaga nacho ni hivyo hivyo, ndiyo maana unakikuta kwenye kivuli na kingo za mito. Haifai kukiita kigoga mmea uliochelewa. Mkakati wake umedumu kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na unafanya kazi kila siku kwenye kuta za Keroka.

Kuna msaidizi asiyesahaulika, ambaye ni kuvu wa udongoni. Mwaka 1975 Kris Pirozynski na David Malloch walipendekeza kwamba mimea isingeweza kuishi nchi kavu bila kuvu wa kuitafutia madini. Mabaki ya Rhynie, Scotland, yenye umri wa takriban miaka milioni 407, yamehifadhi mimea ambayo kuvu hao wamo ndani ya seli zake, na utafiti wa mwaka 2015 ulikuta kwamba mwani wa streptofita ulikuwa tayari na sehemu ya jeni za mawasiliano hayo. Mimea mingi ya leo, mchai na mgomba ikiwemo, bado inaishi kwa ushirika wa aina hiyo.

Mtoto anayelishwa

Wataalamu huiita mimea ya nchi kavu kwa jina la kiinitete chake. Kwa kara, koleokete na spirogaira, seli pekee yenye seti mbili za kromosomu ni yai lililorutubishwa, na likiamka hugawanyika mara moja kurudi kwenye seti moja. Kwa mmea, yai hilo linakua kuwa mwili mzima, likilishwa na mama yake.

Mwili huo ulitoka wapi? Frederick Bower wa Glasgow, katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu chimbuko la mimea ya nchi kavu, alishikilia kwamba ni nyongeza: mgawanyiko ulicheleweshwa, seli zikaongezeka, na spora nyingi zikapatikana kutokana na urutubishaji mmoja. Faida yake ni wazi mahali ambapo maji ya kuogelea hupatikana mara chache. Wapinzani wake waliona vizazi viwili vinavyofanana tangu mwanzo, kama vilivyo kwenye mwani fulani wa baharini. Mwani huo lakini ni klorofita. Katika mwani wa streptofita hakuna hata mmoja wenye mwili wa seti mbili wenye seli nyingi, na hilo linampa Bower ushindi katika sehemu hii.

Mawe na saa ya jeni

Kuhusu wakati, vyanzo viwili havijakubaliana. Mabaki ya spora za mimea yanayokubaliwa na wengi, kutoka Argentina, yana takriban miaka milioni 470. Mwaka 2021 Paul Strother na Clinton Foster walieleza spora za Australia za miaka milioni 480 hivi, zenye sifa za mwani na za mmea kwa pamoja. Mimea yenyewe yenye umbo linaloonekana, kama Cooksonia, ni ya miaka milioni 430 hivi. Hesabu za mabadiliko ya jeni, kwa mfano ile ya Jennifer Morris na wenzake ya mwaka 2018, huweka mwanzo kati ya miaka milioni 515 na 470 iliyopita, na nyingine hurudi nyuma zaidi.

Mawe yana nguvu ya kushikika, ila hutoa umri wa chini tu: mwili laini usio na spora ngumu hauachi alama. Saa ya jeni haina pengo hilo, ila inategemea mawe kuirekebisha, na kila mtafiti huchagua mawe yake. Ndiyo maana ni salama zaidi kutaja kipindi kuliko mwaka.

Msomaji wa Gusii anaweza kutamani ushahidi wa nyumbani. Hataupata chini ya miguu. Miamba ya eneo hili, ule mfululizo ambao wanajiolojia wanauhusisha na miamba ya Bukoba na ambamo mawe ya sabuni ya Tabaka yamo, ni ya Prikambria, enzi iliyoisha takriban miaka milioni 539 iliyopita, na sehemu yake kubwa ni ya volkeno. Mchongaji wa Tabaka anachonga jiwe lililokuwepo kabla ya jani lolote. Mabaki ya mimea yaliyo karibu yako Kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, ambako matunda na mbegu za takriban miaka milioni 18 zimehifadhiwa, na pwani, kwenye mawe ya mchanga ya Mazeras yenye mbao zilizogeuka jiwe. Yote mawili ni ya hivi karibuni mno kwa swali letu. Hapa Gusii ushahidi wa chimbuko umo ndani ya seli za mimea hai.

Darasani na kanisani

Kisii na Nyamira ni kitovu cha Waadventista wa Sabato na cha Wakatoliki, na shule nyingi zilianza kama shule za misheni. Kanisa la Waadventista lina msimamo ulio wazi: tamko lake la imani, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2015, linashikilia uumbaji wa siku sita za kawaida, na kwamba ulikuwa wa hivi karibuni. Msimamo huo una nguvu ya kusoma maandiko kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakatoliki wana nafasi tofauti. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya nadharia ya kukisia. Mwalimu hawezi kuyafuta matamko hayo, na hapaswi kumdhihaki mtoto anayeyaamini. Lakini hawezi pia kuuficha ushahidi: jeni za mimea zimepangwa kwa viota ndani ya viota, mgomba ndani ya mimea ya maua, mimea ya maua ndani ya mimea ya mbegu, yote ndani ya streptofita, na mpangilio huo huo hujitokeza ukichukua kloroplasti au kiini. Mageuko yanaueleza mpangilio huo. Maelezo ya uumbaji wa hivi karibuni yanaukubali ulivyo, bila kusema kwa nini haukuwa mwingine.

Mgawanyo wa himaya tano ni suala jepesi zaidi. Faida yake ni urahisi: mwanafunzi hujua sanduku la kila kiumbe, na mtihani husahihishwa bila ubishi. Hasara yake ni kumtenga spirogaira na mgomba na kumweka pamoja na amiba, ambaye ana uhusiano wa mbali sana naye. Wataalamu wengi leo huweka mwani wa kijani na mimea katika kundi moja la kijani. Naona hilo lifundishwe waziwazi, pamoja na sababu ya vitabu vya zamani kusema tofauti.

Mizani

Ukiyapima yote, uhakika haulingani. Kwamba mimea ya nchi kavu imo ndani ya mwani wa kijani wa maji baridi halina mshindani wa maana. Kwamba kina spirogaira ndio ndugu wa karibu lina ushahidi mzito. Lingetikiswa iwapo jenomu nyingi zaidi za koleokete na kara zingeonyesha kwamba jeni zinazodhaniwa kuwa za pamoja zilikuwepo kwao zikapotea. Kwamba babu aliishi kwenye kingo zenye unyevu, nusu hewani, linaelekea kuwa kweli kuliko picha ya mkazi wa ziwa aliyefukuzwa na ukame, ila hapo kauli yangu ni ya kuegemea, si ya kuhitimisha. Tarehe ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kwa mwalimu wa Nyamira, vifaa vya somo hili havihitaji bajeti. Chupa ya nyuzi za bwawani, kipande cha kigoga cha ukutani, jani la kangaga lenye vidoti vya spora upande wa chini, na ua la mchai ulioachwa bila kuchumwa vinatosha. Wanafunzi wapewe hadubini moja ya shule na waulizwe, kwa kila kimoja, yai liko wapi, linalindwa na nani, na mbegu ya kiume inalifikiaje. Majibu yao yachorwe ubaoni kama matawi ya ukoo mmoja, spirogaira akiwa kwenye tawi lililo jirani kabisa na mimea, na nafasi ya babu pale matawi yanapokutana iachwe wazi.